UZI: Mgeni kutoka Proxima akishukia Tengeru, nani atamwamkia nani?

#1 Mjukuu wa Tengeru

Wakuu, habari za jioni.

Kuna hadithi naiandika tangu mwezi wa sita na imekwama. Ni ya kisayansi na nataka ichekeshe: kiumbe wa sayari nyingine anashuka Tengeru siku ya soko. Nimekwama kwenye neno la kwanza kabisa, na aliyenikwamisha ni bibi yangu mzaa mama.

Umeme ulikuwa umekatika. Tumekaa nyuma ya nyumba, mlima Meru mgongoni, bibi kwenye kigoda anachambua maharage kwa tochi ya simu yangu, watoto wa dada yangu wamejilaza kwenye mkeka. Mwezi wa sita, saa tatu usiku, mbingu ikiwa safi, ukitazama kusini unaona nyota mbili zimewaka jirani na Msalaba wa Kusini. Inayong'aa zaidi ni Alpha Centauri. Karibu yake kuna nyota ndogo nyekundu ambayo macho matupu hayaioni, Proxima Centauri, na hiyo ndiyo jirani yetu wa kwanza ukitoa jua. Mwanga wake unasafiri miaka 4.2 mpaka utufikie. Mwaka 2016 wanaastronomia walitangaza kwamba inazungukwa na sayari, wakaiita Proxima b. Nikawaonyesha watoto kwa kidole, nikaanza: hapo zamani zijazo akaja mgeni kutoka kule.

Bibi akanikatiza bila kuinua kichwa. "Ana miaka mingapi huyo?"

Nikasema mia tisa. Nilitaka watoto washangae.

"Basi shikamoo nitampa mimi."

Watoto walicheka mpaka wakabingirika. Mimi nikabaki nawaza, kwa sababu mwaka wa Proxima b ni siku 11.2 tu. Miaka yake mia tisa ni siku 10,080, yaani miaka yetu 27 na miezi kama saba. Ni kijana. Sasa geuza upande wa pili: bibi ana miaka 76. Mgeni akisikia "miaka 76" atapiga hesabu kwa kalenda ya kwao, na kwa kalenda hiyo aliyeketi mbele yake ni mtoto wa miaka yetu miwili na miezi minne. Bibi anainuka amwamkie mgeni kama babu, mgeni anainama ambebe bibi mgongoni. Wote wawili wana adabu, wote wawili wako sahihi kwa kalenda zao, na hapo ndipo hadithi yangu iliposimama.

Jambo la pili ni lugha. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja kimebeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu. Ndani yake mna salamu za lugha 55. Luganda imo. Chinyanja kimo. Kisotho kimo. Kiila cha Zambia kimo. Kiswahili hakimo. Kwenye picha tumefika, maana mna picha ya Jane Goodall na sokwe, yule yule wa Gombe, lakini salamu yetu haimo, na mimi jambo hili linaniuma kweli kweli. Watu wanaosalimiana mpaka chai inapoa, salamu yao haikupanda!

Salamu ninayoipenda kuliko zote mle ni ya Kichina cha Amoy. Inawauliza marafiki wa angani hawajambo, wameshakula, halafu inawaambia wakipata nafasi waje kututembelea. Mtu aliyeisema angekaa Tengeru hata mwezi mmoja angeonekana mwenyeji.

Kwa hiyo kwenye hadithi yangu mgeni ameokota santuri njiani, amejifunza Chinyanja, ameshuka Jumamosi asubuhi kwenye soko la Tengeru. Anamkuta mama anayeuza ndizi, anasema, "Muli bwanji." Mama wa ndizi anamtazama juu mpaka chini, miguu yake sita na yote, anamgeukia mwenzake: "Huyu ni wa Zambia. Lori lake litakuwa limelala hapo Usa River."

Naombeni mawazo. Salamu inayofuata iweje?

#2 Chalii wa Ngarenaro

Uzi umesimama huu! Mimi ningemshusha Mnara wa Saa pale mjini, panaposemwa ni katikati ya Cairo na Cape Town. Mgeni wa mbali lazima ashukie katikati. Halafu apande kifodi. Konda atamwambia "sogea kidogo ndugu, hapo wanakaa wanne," na ye ana miguu sita. Nauli akate ya mtu mmoja au mmoja na nusu?

#3 Mwalimu wa Rau

Nimeusoma mara mbili. Nafundisha fizikia Moshi, na hesabu zako za miaka zimenyooka. Naongeza mambo ambayo yatakusaidia.

Sayari iliyoikaribia nyota yake kiasi cha kuizunguka kwa siku 11.2, wataalamu wengi wanaona imefungwa na mvutano: upande mmoja unaitazama nyota daima, upande wa pili uko gizani daima, kama mwezi unavyotuonyesha uso mmoja tu. Kama ndivyo, mgeni wako hajawahi kuona asubuhi. Hajui jioni. "Umeamkaje" haina pa kushika. "Habari za mchana" kwake ni kama kuuliza habari za kaskazini. Na saa zetu ndizo zitakazommaliza kabisa. Sisi saa moja tunaianzia jua likichomoza; ukimwambia aje saa nne ya asubuhi lazima kwanza umweleze kwamba jua huchomoza, kisha umweleze kwamba tunahesabu kuanzia pale, kisha umweleze kwa nini simu yake inaonyesha kumi. Hapo una kurasa tatu za kucheka bila kulazimisha.

Pia usisahau safari yenyewe. Chombo kikienda kwa asilimia 80 ya kasi ya mwanga, kwetu safari ni miaka 5 na miezi kama minne, kwake ni miaka 3 na miezi miwili. Muda wa anayekimbia unakwenda polepole. Hilo limepimwa mpaka kwenye saa za atomiki zilizopandishwa ndege. Sasa fikiria ni pacha. Kulwa kasafiri, Doto kabaki. Kulwa akienda na kurudi, kwa Doto imepita miaka 10 na zaidi, kwa Kulwa sita na kidogo. Kulwa aliyetangulia kuzaliwa anarudi mdogo kwa Doto kwa miaka minne. Nyumbani nani mkubwa? Wakwe watamwitaje?

Ombi langu moja: mlete Moshi. Hata kutoka Arusha mjini ni kilomita 80 tu kwa basi. Mgeni wa heshima haondoki bila kuiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro.

#4 Mjukuu wa Tengeru

Mwalimu, shikamoo. La Kulwa na Doto nimelisoma kwa sauti nyumbani. Dada yangu ni Doto, akasema ndiyo maana Kulwa wake hapokei simu, anajiona mkubwa bado. Nalichukua lote.

Moshi ataenda. Ila ashuke Tengeru kwanza, siku ya soko.

#5 Mzee wa Ngaramtoni

Vijana hamjambo. Mnahangaika na miaka, na miaka haijawahi kuwa shida kwetu. Waarusha na Wamaasai hatumuulizi mtu miaka. Tunamuuliza rika. Seuri, Makaa, Landisi, Korianga. Ukijua rika lake umejua nani amheshimu nani, nani amtume nani maji, nani ale na nani. Mtu wa miaka 30 na mtu wa miaka 40 wanaweza kuwa rika moja, wakakaa sawa.

Kwa hiyo mgeni wenu aulizwe: wewe ulitahiriwa na akina nani? Akishindwa kujibu, ni layoni, mvulana asiyetahiriwa, akachunge ndama. Akijibu, mambo yamekwisha.

Na kuhusu kuamkia. Mtoto wetu anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa utosini. Huyo kiumbe kichwa chake kiko wapi? Hujasema.

#6 Mjukuu wa Tengeru

Shikamoo mzee. Hili la rika limenifungua macho, nakiri nilikuwa nimeganda kwenye kalenda. Kichwa nilikuwa nimekiweka chini, katikati ya miguu, kwa sababu ya upepo wa kwao. Sasa nakiacha hapo hapo makusudi: mzee anayetaka kumgusa utosini itabidi achuchumae, na mgeni akiona mzee amechuchumaa atajua hiyo ndiyo heshima ya kwetu, naye ataanza kuchuchumaa. Wanakijiji wataona mgeni anachuchumaa, nao wachuchumae. Soko zima.

#7 Kimya Kimya

Samahani mkuu, sitaki kuharibu uzi. Lakini barabara ya mtaani kwetu mvua ikinyesha haipitiki, mnaandika habari za Proxima. Wageni wenyewe wa angani hawapo. Si tuandike yanayotugusa?

#8 Mjukuu wa Tengeru

Kimya Kimya, karibu, wala huharibu. Barabara yenu naiomba iingie kwenye hadithi. Chombo kimepita utupu wa kilomita trilioni 40 salama, kinanasa kwenye tope mita mia mbili kutoka lami. Vijana wa mtaa wanakuja na mbao na magogo, wanataja bei ya kusukuma. Ukiisoma hiyo hutasema haikugusi.

Halafu nikujibu kwa uzito wake, maana jambo hili nalipenda sana. Tengeru imeshapokea wageni kutoka dunia nyingine. Kuanzia mwaka 1942 walikuja Wapolandi, kama elfu tano, wengi wao akina mama na watoto. Wasovieti walikuwa wamewahamisha kwa nguvu kutoka kwao mpaka Siberia na Kazakhstan, wakatokea Uajemi, wakapakiwa meli, wakajikuta chini ya mlima Meru katika vibanda vya duara kati ya migomba. Wametoka kwenye theluji, hawajui neno hata moja la hapa. Makaburi yao yapo Tengeru mpaka leo, nimepita pale mara nyingi, majina marefu yenye herufi ambazo mdomo wangu hauziwezi, na mengine chini yake tarehe za watoto.

Kila nikiyapita najiuliza siku ya kwanza iliendaje. Mmeru wa hapa kamkuta mama wa Kipoland njiani na mtoto mgongoni. Nani kasema nini? Lazima kuna mtu alisema kitu, mwingine akakisikia vibaya, wakacheka. Hadithi ya mgeni wa Proxima ninaiandikia hapo hapo. Hizi hadithi za wageni wa angani nilizokua nazo huanza na mizinga kufyatuliwa, na huwa najiuliza mbona hakuna aliyesema hodi.

#9 Kimya Kimya

Nimekuelewa mkuu. Bei ya kusukuma wataje elfu hamsini, washuke mpaka kumi na tano. Ndivyo ilivyo kwetu.

#10 Mjukuu wa Tengeru

Wakuu, sehemu mpya hii hapa. Nimeiandika jana usiku, nipeni maoni bila kuniogopa.

Mama wa ndizi alimkabidhi mgeni kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akampeleka ofisi ya kijiji. Mtendaji hakuuliza silaha, hakuuliza chombo kimeegeshwa wapi. Alimsogezea kitabu cha wageni, kile kirefu chenye jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu, kalamu imefungwa kwa uzi wa nailoni isiondoke na mtu. Tarehe. Jina. Anakotoka. Sababu ya kuja. Namba ya simu. Saini. Mgeni akasoma mistari iliyotangulia ajue wenzake wameandikaje. Bwana shamba, Usa, kukagua migomba. Fundi, mjini, mita ya maji. Naye akaandika kwa mguu wa pili kulia: Proxima, kusalimia.

Mtendaji akapitisha kidole kwenye mstari mzima. "Kwenye simu umeacha wazi."

"Ujumbe wa kwetu unachukua miaka minne na miezi mitatu kufika."

"Andika hivyo hivyo. Na jibu?"

"Minne na mitatu tena."

Mtendaji akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo mimi nikikupa shikamoo ukiwa kwenu, marahaba naipata baada ya miaka minane na nusu." Akafunika kitabu taratibu. "Basi tusalimiane sasa hivi, ukiwa hapa."

Wakasalimiana. Za kwenu, za safari, za wazazi, za mifugo, za mvua. Mgeni hakujua mvua wala mifugo, lakini alishagundua kwamba jibu ni "nzuri".

Alipotoka alirudi sokoni, na huko akapata kazi. Macho yake yanaona joto. Mama wa ndizi alikuwa na mikungu kumi na miwili imefunikwa kwa majani makavu, na mgeni akamwonyesha moja kwa moja ipi imeiva na ipi bado, bila kufunua, kwa sababu ndizi inayoiva hutoa joto. Kufika saa sita mchana foleni ya wenye mikungu ilikuwa imefika barabarani.

#11 Mama Kihamba

Hapo kwenye ndizi umenena kweli mwanangu. Ndizi za mbege tunazivundika, na ukipenyeza mkono kwenye majani siku ya nne unakuta pana vuguvugu kama tumbo la mtoto. Marehemu mama yangu alikuwa anajua kwa mkono tu. Huyo mgeni wako mlete Kibosho, hatakosa kazi.

#12 Mwalimu wa Rau

Umeandika vizuri, ofisi ya kijiji nimeiona kabisa. Lakini hapo kwenye macho nina jambo, na nalisema kwa sababu ukilirekebisha hadithi itapanda.

Macho ya kiumbe hukua kufuata mwanga wa nyota yake. Proxima ina joto la usoni kama nyuzi 3,000 za Kelvin, jua letu ni kama 5,800. Nyota iliyopoa hivyo hutoa mwanga wake mwingi kwenye infraredi ya karibu, mwanga tusiouona, jirani kabisa na wekundu tunaouona sisi. Joto la mkungu wa ndizi au la mwili wa mtu liko mbali zaidi, kwenye mawimbi marefu mara kumi hivi. Kwa hiyo mgeni wako haoni joto la ndizi. Mama Kihamba ataendelea kuwa bingwa peke yake.

Sasa sikia anachokiona. Majani mabichi hunyonya mwanga mwekundu na wa bluu ili yajitengenezee chakula, lakini infraredi ya karibu hayana kazi nayo, yanairudisha, karibu nusu yake. Setilaiti hutumia tabia hiyo kupima mashamba yenye afya kutoka angani. Kwa macho ya mgeni, mgomba haujawahi kuwa wa kijani. Unawaka. Soko lote la Tengeru, mashamba ya migomba, msitu wa Meru kuanzia chini mpaka unapoishia, ni mwanga mtupu, mweupe kuliko shuka.

Na theluji kinyume chake. Mawimbi ya mwanga yakivuka urefu wa mikromita moja hivi, theluji na barafu huanza kuunyonya mwanga huo badala ya kuurudisha. Akiitazama Kibo ataona mlima uliovaa kanzu nyeupe kuanzia kiunoni kushuka chini, na kichwani kofia iliyofifia, ya kijivu.

#13 Mjukuu wa Tengeru

Mwalimu!

Nimesimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga nasoma hii, mpaka niliye nyuma yangu akanipita. Nafuta kazi ya mikungu yote. Asante sana, sana.

#14 Dereva wa Nyanda

Wakuu nimekuwa msomaji kimya tangu mwanzo, ila hapa kwa mwalimu siwezi kunyamaza. Naendesha watalii, na kila tukiikaribia Moshi nawasimulia kisa hiki.

Mwaka 1848, mwezi wa tano, mmisionari Johannes Rebmann alikuwa anakuja Uchaggani kwa miguu kutoka pwani. Akaona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani wingu. Akamuuliza kiongozi wake ni nini kile. Yule mwenyeji hakumpa jina la theluji. Alimjibu "baridi" tu. Rebmann akaelewa, akaandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Kule London kulikuwa na bingwa wa jiografia, William Desborough Cooley, hajawahi kukanyaga huku, akapinga kwa miaka. Akasema macho ya Rebmann yamemdanganya.

Mnaona? Mgeni wenu naye akituma taarifa kwao kwamba ameona mlima mweupe chini na wa kijivu juu, hakosekani Cooley wa Proxima.

#15 Chalii wa Ngarenaro

Cooley wa Proxima 😂😂 Dereva umeua! Huyo awekwe ndani, na awe na miaka elfu nne ya kwao.

#16 Mzee wa Ngaramtoni

Aliyesema "baridi" alisema neno zuri. Mwenyeji hakutaja rangi. Alitaja kile kinachokupata ukifika.

#17 Mjukuu wa Tengeru

Mzee, maneno yako hayo yamenikesha. Hii hapa sehemu ya Moshi. Nimeiweka Kiboriloni, alfajiri, kwa sababu mlima hujifunua asubuhi na mapema kabla mawingu hayajapanda.

Walishuka kwenye basi kukiwa bado na giza. Mama wa ndizi alikuwa amemsindikiza, maana mgeni hatembei peke yake, na alikuwa na mzigo wa kufuata. Wakakaa kwenye benchi la muuza chai. Mgeni akauliza wanasubiri nini, mama akamwambia kuche. Mgeni akauliza kukicha hutokea nini, mama akafikiri, akaona ni swali ambalo hajawahi kuulizwa na mtu mzima. "Wewe kaa tu."

Mwanga ukapanda kutoka mashariki. Mgeni akakunja miguu yote sita. Kwao nyota haisogei. Hapa ilikuwa inainuka mbele yake kama mtu anayeamka. Akasema polepole, akijaribu neno alilolisikia kwa mtendaji: "Imeamkaje?"

"Salama," mama akajibu kwa niaba ya jua.

Ndipo mlima ukatokea. Akaona miteremko inawaka nyeupe, migomba juu ya migomba, kihamba juu ya kihamba, kisha msitu, na juu kabisa, palipotakiwa kuwa na mwangaza kuliko pote, pamefifia. Akanyoosha mguu. "Pale juu pamezimika. Ni nini?"

Mama wa ndizi alikunywa chai kwanza. Yeye alikuwa anaona kijani chini na weupe juu, hakujua mwenzake anaona kinyume. Angesema "peupe", mgeni angeona anadanganywa. Akasema, "Baridi."

Mgeni akalituma neno hilo moja kwao, kama lilivyo. Miaka minne na miezi mitatu baadaye bingwa mmoja wa kwao, mzee wa miaka elfu nne, alisimama barazani akasema haiwezekani. Mlima hauwezi kuwaka chini ukazimika juu, na ule uliotajwa si mlima, ni uchovu wa safari. Wakati huo mgeni alishazoea alfajiri ya Kiboriloni, na jua alikuwa analiamkia kila siku.

#18 Mwalimu wa Rau

"Salama, kwa niaba ya jua." Nimeisoma darasani kidato cha tatu leo, kipindi cha mwanga. Hakuna aliyesinzia. Mtoto mmoja akauliza kama kuna rangi ambazo sisi nasi hatuzioni kwenye mlima. Tukamaliza kipindi tukizungumzia hilo tu, na nyuki wanavyoona urujuanimno kwenye maua. Ahsante ndugu yangu.

#19 Kimya Kimya

Mkuu na hapo Kiboriloni barabara iko vizuri. Nimefurahi.

#20 Mjukuu wa Tengeru

Wakuu nimewasomea nyumbani jana. Bibi alikaa kwenye kigoda chake, safari hii hakuwa na maharage, mikono imetulia mapajani. Alisikiliza yote: soko, kitabu cha wageni, tope, basi, mlima. Kwenye kuchuchumaa alicheka mpaka akashika mbavu. La shikamoo alilimaliza mwenyewe kwa sentensi moja, akasema mgeni ndiye aliyepiga hodi, basi mgeni ndiye atakayeanza, miaka watahesabu wakishakaa.

Halafu akanyamaza. Nikadhani amesinzia.

"Mmemzungusha Jumamosi nzima, mkampakia basi mpaka Moshi. Amekula wapi?"

Nikafungua daftari nikatafuta. Hakuna mahali. Kuna chai, tena aliyekunywa ni mama wa ndizi. Yule Mchina wa Amoy aliuliza jambo hilo tangu mwaka 1977, mimi nimeandika kurasa kumi na nne nikalisahau.

#21 Mwalimu wa Rau

Hapo bibi ametupiga wote. Lakini kuna ugumu wa kweli. Viumbe hai wa duniani tumejengwa kwa asidi amino, vipande vya kujengea protini, za mkono wa kushoto. Kama uhai wa kule uliangukia za mkono wa kulia, mtori wetu utapita mwilini mwake bila kumjenga. Atakula sufuria zima na njaa iko pale pale. Inaweza hata kumdhuru. Mwulize bibi, tufanyeje?

#22 Mjukuu wa Tengeru

Nimemuuliza sasa hivi, yuko jikoni. Nimemweleza mkono wa kushoto na wa kulia, kama kiatu cha kulia kisivyoingia mguu wa kushoto. Amenielewa vizuri tu. Amesema mtori upikwe, sahani yake iwekwe, na kiti asogezewe karibu na moto.